Ofa ya kufundisha Kiingereza China: mwalimu, angalia viza kabla ya mshahara

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa kike, miaka 28, nina digrii ya ualimu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, masomo yangu Kiingereza na Kiswahili. Nafundisha inglishi midiamu moja huku Tabata, mwaka wa tatu sasa, mshahara laki saba kabla ya makato. Kuna ajenti yupo Kariakoo amenipatia kazi ya kufundisha Kiingereza chekechea China, yuan 12,000 kwa mwezi na hosteli bure, mkataba mwaka mmoja. Anataka milioni tatu na nusu, nusu nitangulize wiki hii. Anasema nitaondoka na viza ya biashara ile ya M halafu shule itanibadilishia nikifika. Nina mtoto wa miaka minne, atabaki kwa mama Morogoro. Ndugu wote wanasema nisilaze damu. Naomba ushauri."

Marahaba mwalimu mwenzangu, pole na majukumu. Naanza na jibu halafu ndo nieleze, maana najua wiki hii kuna mtu anasubiri hela yako: kwa namna hiyo ofa ilivyokaa sasa hivi usiende, na hiyo nusu usiitoe. Sisemi hivyo kwa sababu China ni pabaya, nimefundisha huko na Thailand pia, na kuna Watanzania wanafanya kazi zao China kwa heshima kabisa na nyumbani wanajenga. Nasema hivyo kwa sababu ya sentensi moja uliyoipitia haraka haraka, kwamba unaondoka na viza ya M halafu utabadilishiwa huko huko. Mengine yote kwenye barua yako, mshahara, hosteli, mtoto, ndugu, tungeweza kukaa tukayapima huku na huku, ila hapo kwenye viza hapana cha kupima.

Viza za China zinaenda kwa herufi na kila herufi ina kazi yake. M ni ya biashara, yani mtu wa Kariakoo anayeenda Guangzhou au Yiwu kufunga mzigo, anakaa siku zake anarudi. L ni utalii, X ni mwanafunzi. Ya kazi ni Z, na Z haianzii kwa ajenti wala haianzii ubalozini, inaanzia kwa mwajiri kule kule China. Shule inapeleka nyaraka zako serikalini kwao, digrii, cheti cha polisi, vipimo vya afya, barua za uzoefu, wakiridhika inatoka barua ya taarifa ya kibali cha kazi yenye jina lako, namba ya pasi yako na jina la hiyo shule, unatumiwa huku, unaipeleka ubalozi wa China hapa hapa Dar ndo unagongewa Z. Ukishatua, ndani ya siku 30 uwe umeomba kibali cha ukaazi. Ndo njia yenyewe. Sasa mtu akikwambia njoo na M tutabadilisha, jiulize kwa nini asiitafute hiyo barua wakati wewe bado upo Tabata unaendelea na vipindi vyako na hakuna kinachoharibika. Mara nyingi ni kwamba anajua akiipeleka itakataliwa, au hajawahi hata kuwa na ruhusa ya kuajiri mgeni.

Na kwa nini ikataliwe wakati una digrii ya ualimu na unafundisha Kiingereza kila siku? Hapa ndo ajenti wengi wanakaa kimya. Utaratibu wa vibali vya kazi wa China ulioanza kutumika nchi nzima April 2017 unataka mwalimu wa lugha wa kigeni, kimsingi, afundishe lugha mama ya nchi aliyotoka, awe na digrii na uzoefu wa miaka miwili, ila mwenye digrii ya ualimu au cheti cha kufundishia lugha kama TEFL anaweza kusamehewa hiyo miaka miwili. Kwenye Kiingereza ofisi nyingi zinaisoma hiyo kama pasi za nchi saba: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Haijalishi umesoma kwa Kiingereza kuanzia form one mpaka chuo, haijalishi kwamba sarufi unaijua kuliko kijana wa London ambaye hajawahi kushika chaki, wao wanaangalia pasi. Inauma na naona sio haki, lakini ndo ilivyo na ni bora uijue ukiwa nyumbani. Kuna sehemu wanalegeza kwa mwenye digrii ya ualimu au ya Kiingereza chenyewe, na wewe unayo, kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa, ila ukifunguka utafunguka kwa Z mkononi kabla hujapanda ndege.

Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, ile iliyoanza Julai 2013, haina kona kona. Mgeni akikutwa anafanya kazi bila kibali faini ni yuan 5,000 mpaka 20,000, kosa likionekana zito anawekwa ndani siku 5 mpaka 15, na akirudishwa kwao anaweza kuzuiwa kuingia tena kwa mwaka 1 mpaka miaka 5. Chukulia yuan moja ni kama shilingi 350, hiyo faini ya juu ni milioni saba. Mwajiri naye anapigwa yuan 10,000 kwa kila mtu, lakini yeye yuko kwao, atalipa na Jumatatu atafungua geti kama kawaida.

Ila kusema ukweli polisi sio shida ya kila siku, unaweza kukaa hata mwaka usiwaone. Shida ya kila siku ni kwamba mtu asiye na kibali hana pa kushtaki. Mwezi wa kwanza unalipwa elfu 12 zako kamili, wa pili bosi anasema watoto wamepungua chukua elfu 8, wa tatu anasema subiri, na wewe utaenda wapi, maana ofisi ya kazi kitu cha kwanza itakachokuuliza ni kibali. Benki vile vile, ili utume mshahara nyumbani kihalali wanataka kibali cha kazi na karatasi za kodi, huna, kwa hiyo unalipwa kwa WeChat, app yao ya kuchati na kutumiana hela, au keshi halafu unaanza kutafuta mfanyabiashara anayehitaji yuan kule ili yeye ampe mama shilingi huku, na siku huyo mtu akizima simu imekula kwako. Namkumbuka mwalimu mmoja wa huku kwetu Afrika Mashariki aliyekuwa na viza ya biashara, shule yake ilimwekea utaratibu kwamba wakaguzi wakitajwa tu ashuke ngazi za nyuma akakae duka la jirani mpaka apigiwe simu. Anakaa pale kwenye kistuli, kadi zake za picha za matunda na wanyama ziko mapajani, kibegi begani tayari kwa lolote, na darasani watoto wanauliza ticha kaenda wapi. Mwalimu mwenye digrii. Sitaki wewe ukae kwenye kistuli kile.

Tuje kwenye hela, maana ndo inayovuta na sio dhambi hata kidogo. Hapa una laki saba. NSSF asilimia 10 inaondoka 70,000, PAYE inapigwa kwenye 630,000 iliyobaki inakuja 42,000, na kama una deni la Bodi ya Mikopo kama wengi wetu hiyo ni asilimia 15 ya mshahara, 105,000. Unabaki na 483,000 na hapo hujalipa chumba, hujapanda daladala, hujatuma Morogoro. Kule yuan 12,000 ni kama milioni 4 na laki 2. Ukiwa halali unakatwa kodi, yuan 5,000 za kila mwezi zinasamehewa, inayobaki kwa mwaka ni 84,000, hapo 36,000 za mwanzo zinakatwa asilimia 3 na zinazofuata asilimia 10, kwa hiyo kodi ni kama yuan 490 kwa mwezi. Kuna na makato ya hifadhi ya jamii, sehemu ya mfanyakazi inakaribia moja ya kumi hivi, inategemea mji na jinsi mwajiri anavyofuata sheria. Ukitoa na chakula, usafiri, bando na vitu vidogo vidogo, mtu anayejibana kwenye hosteli ya bure anaweza kuweka yuan elfu 6 hivi kwa mwezi, milioni mbili na kidogo. Kwa mwaka ni hela ya maana, kiwanja Chanika kinapatikana na chenji inabaki, sitakudanganya kwamba ni ndogo.

Lakini hiyo hesabu inasimama juu ya kitu kimoja, kwamba utalipwa miezi yote 12. Na chekechea za China sa hizi ziko kwenye wakati mgumu, watoto wanaozaliwa wamepungua sana, mwaka 2016 walizaliwa karibu milioni 18, mwaka 2023 wakafika kama milioni 9 tu, na mwaka huo huo wa 2023 chekechea zilipungua kwa zaidi ya 14,000 nchi nzima. Kabla ya hapo, Julai 2021, serikali yao ilibana vituo vya tuisheni na vingi vilivyokuwa vinaajiri walimu wa kigeni vikafa. Kwa hiyo chekechea inayotafuta mwalimu wa bei nafuu bila kibali inawezekana kabisa ni ile inayohangaika kuishi, na ikifunga mwezi wako wa nne kazini wewe ndo wa kwanza kudhulumiwa. Na usishangae hiyo elfu 12, walimu wenye zile pasi saba kwenye miji mikubwa wanatangaziwa elfu 18, elfu 20 na kuendelea kwa kazi hiyo hiyo.

Halafu huyu ajenti. Milioni tatu na nusu ni ya nini hasa? Mwambie akuandikie moja moja. Ukishatoa nauli na ada ya viza hubakiwi na vitu vingi vya kulipia, na kwenye ajira iliyonyooka anayemlipa ajenti ni shule, sio mwalimu, hata mkataba wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, namba 181 wa mwaka 1997 unasema wakala asimtoze mfanyakazi. Kwetu wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa hiyo muombe namba ya leseni, piga picha, halafu nenda TaESA, huduma za ajira za serikali, uwaulize kama wanamfahamu. Mtu mwenye ofisi ya kweli hatakasirika kuulizwa. Akikasirika au akisema nafasi inaisha kesho umeshajibiwa. Na nikuombe kitu kimoja kwa msisitizo wote, ukisikia safari imebadilika, sasa unapitia Bangkok kwanza, au utapokelewa Mae Sot, hapo usipande ndege kabisa. Mae Sot ni mpakani mwa Thailand na Myanmar, ng'ambo ya mto ni Myawaddy kwenye yale makambi ya utapeli wa mtandaoni, na Wakenya, Waganda, Waethiopia wametolewa kule baada ya kuahidiwa kazi nzuri za ofisini.

Hata hivyo usimkatie simu. Mwandikie yeye, na ikiwezekana iandikie shule yenyewe moja kwa moja kwa Kiingereza chako kizuri, swali moja tu: mtanitumia lini barua ya taarifa ya kibali cha kazi ili niombe viza ya Z Dar es Salaam? Usiongeze maneno mengine, usiombe radhi. Shule ya kweli itakutajia nyaraka inazotaka na wiki ngapi. Shule ya ujanja itakujibu kuhusu jinsi mji ulivyo mzuri.

Wakikubali njia ya Z, sasa ndo tunaweza kufungua mkataba. Angalia jina la mwajiri kwenye mkataba na jina kwenye hiyo barua ya kibali, yafanane herufi kwa herufi, kwa sababu kibali kinakufunga kwa mwajiri mmoja, na kuna wanaokuombea kibali kwa jina la kampuni halafu wanakuazima kwenye chekechea tatu tofauti, ukikutwa huko kosa ni lako pia. Kila kampuni ya China ina namba yake ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, waombe hiyo. Mkataba uwe na muhuri mwekundu wa duara wa shule, sahihi ya mtu peke yake kwao haina uzito huo. Mara nyingi unakuwa na lugha mbili na pakiwa na mgongano Kichina ndo kinashinda, kwa hiyo tafuta mtu akusomee upande wa Kichina, pale Chuo Kikuu cha Dar kuna Taasisi ya Confucius, hukosi mwanafunzi aliyeiva.

Halafu masaa. Ukiona imeandikwa vipindi 25 kwa wiki usifurahi kabla hujauliza masaa ya kukaa ofisini, chekechea nyingi zinataka mwalimu asimame getini kuanzia saa moja na nusu asubuhi apokee watoto na kupiga picha na wazazi, jioni tena. Likizo ya mwaka mpya wa Kichina inalipwa au hailipwi? Ukivunja mkataba faini kiasi gani, maana kuna wanaoandika miezi mitatu ya mshahara. Na sharti la barua ya kuachiwa, hii watu wengi hawaijui, ukitaka kuhama shule bila kutoka nchini unahitaji mwajiri wa zamani akupe barua ya kukuachia, asipokupa umekwama, kwa hiyo iandikwe humo kwamba mkataba ukiisha au ukitoa notisi ya siku 30 wanakupa bila masharti. Nauli nayo, wengi wanarudisha mwisho wa mwaka, sawa, ila iwe kwenye maandishi. Na mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa mpaka katikati ya mwezi wa pili, nenda na hela ya kula ya miezi miwili ambayo sio mkopo wa vikoba.

Kama China itagoma, bado una njia nyingine na ningependa uziangalie kwa makini kuliko hii. Kwanza hiyo hiyo China, sharti la lugha mama linamhusu mwalimu wa lugha, anayefundisha hesabu au sayansi kwa Kiingereza kwenye shule ya kimataifa anapimwa kwa digrii na uzoefu wa somo lake. Wewe masomo yako ni ya sanaa kwa hiyo haikusaidii moja kwa moja, ila wapo wenzako wanaosoma hapa wana hesabu na fizikia na wanaomba kazi za Kiingereza wakati dhahabu wameikalia. Kiswahili nacho, sharti lile lile linalokuzuia kwenye Kiingereza linakuruhusu kwenye Kiswahili, vyuo kama Beijing Foreign Studies University vinafundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960. Nafasi ni chache na wengi wanataka masta, lakini ni kazi ambayo pasi yako ndo sifa. Marekani kuna programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha, FLTA, inachukua walimu vijana, hasa wa Kiingereza, wanakwenda kufundisha lugha yao ya nyumbani chuo kikuu kule kwa mwaka mmoja wa masomo, nauli na posho vinalipiwa. Mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili wa miaka 28 ndo mtu wanayemtafuta hasa, ila usichelewe maana wanapendelea walio chini ya 30, na ujue ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili kabla hujaomba kuhamia. Matangazo yamekuwa yakipitia ubalozi wa Marekani hapa Dar, yakitoka usiyapite, ila waulize kwanza kama Watanzania wanapewa viza yake kwa sasa.

Thailand ni ngumu kidogo ila inaeleweka. Viza ni Non-B, digrii lazima, na kwa kuwa hutoki nchi ya Kiingereza wanataka matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS, halafu baraza lao la walimu, Khurusapha, linatoa ruhusa ya muda wakati unatafuta leseni. Shule zinaanza katikati ya Mei na muhula wa pili mwanzoni mwa Novemba. Mishahara ya pasi za Afrika mingi niliyoiona inacheza baht 18,000 mpaka 25,000, yani milioni moja na laki tatu mpaka karibu na mbili, na mikataba ya kupitia wakala mara nyingi ni ya miezi kumi kwa hiyo likizo ndefu unakula akiba. Sio ya kutajirika, ila mtu anaishi bila kujificha. Japani na Korea kwa upande wa Kiingereza usipoteze hela za maombi, Korea viza yao ya E-2 ni ya zile nchi saba na Japani wanataka uwe umesoma miaka 12 kwa Kiingereza.

Uarabuni ndo penye kukufaa kwa digrii yako ya ualimu na hiyo miaka yako ya darasani, Emirati, Qatar, Oman, shule binafsi zinaajiri walimu wa darasa. Emirati sheria yao inakataza mfanyakazi kutozwa hela ya kuajiriwa, na ukimaliza mwaka au zaidi unalipwa kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa kazi ndani ya mitano ya mwanzo. Pasi yako usimwachie mtu, hata akiwa mkuu wa shule mwenye upole, kuizuia ni kosa huko huko kwao. Hapo cha kubishania ni ule mshahara wa msingi, maana wanapenda kuufanya mdogo halafu wanajaza posho, na kiinua mgongo kinahesabiwa kwenye msingi tu.

Cheti cha TEFL nunua kama mwajiri amekitaka, cha masaa 120 kinatosha kwa wengi, ila ujue vya mtandaoni vya bei rahisi vinatofautiana sana. CELTA ya Cambridge inaheshimika kwa sababu kuna masaa sita ya kufundisha watu halisi ukiwa unaangaliwa, bei yake imesimama lakini.

Mtoto sasa, na hapa naongea na wewe kama mzazi mwenzako. Miaka minne ni umri ambao anaelewa umeondoka na bado haelewi mwaka ni nini. Wakati China ni saa moja usiku, Morogoro ni saa nane mchana, kwa hiyo muda wenu wa kuongea ni mchana wa huku baada ya shule, ukisubiri jioni ya huku wewe umeshalala. WhatsApp kule imefungwa, wengi wanatumia VPN, yani app za kupita hicho kizuizi, ila zinakata kata, kwa hiyo kama unaenda China mfungulie mama WeChat kwenye simu yake ukiwa bado upo, mfundishe kupokea video, kwa sababu kufungua akaunti mpya wakati mwingine inataka mtu aliyemo amthibitishe na mama peke yake atasumbuka. Bima ya mtoto, ada, nani anasaini shuleni, mambo hayo uyamalize kwa maandishi. Hao ndugu wanaosema usilaze damu waulize nani kati yao atakaa na mtoto mama akiugua. Swali hilo litakuonyesha nani anakushauri na nani anasubiri kutumiwa.

Wiki hii badala ya kupeleka hela Kariakoo fanya nyaraka, maana hizo zitatumika popote utakapoenda. Pasi ni 150,000 Uhamiaji, utahitaji NIDA na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Weka cheti cha form four, form six, digrii, NIDA na cheti cha kuzaliwa mezani pamoja usome jina lako kwenye kila kimoja, herufi moja ikipungua anza kurekebisha sasa hivi kwa sababu ndo kitu kinachokwamisha watu miezi. Barua ya uzoefu kutoka shuleni kwako iandikwe tarehe za kuanza, somo na madarasa, na mkuu aigonge muhuri, iombe kwa utaratibu usiseme unaondoka. Digrii ikihitajika kuthibitishwa inapita kwa wakili, halafu Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa nchi unayoenda, kwa mpangilio huo. Cheti cha polisi cha alama za vidole kiache mpaka shule imekuambia uanze, maana nchi nyingi zinakitaka kiwe kipya, China wanataka kisizidi miezi sita, ukikikimbilia leo kitakuishia mkononi ukiwa bado unasubiri majibu.